Sauti ya Ami ni ya Nani?

Kwa miaka kumi na tisa Ami ndiye aliyetuamsha. Si sisi wa nyumbani peke yetu, mtaa mzima wa upande wetu wa Kibokoni, kutoka msikiti mdogo ambao ukipita ukiangalia simu huuoni. Karibu saa kumi na moja alfajiri, kunguru hawajaanza fujo zao, unasikia kipaza sauti kikikwaruza, halafu Ami anakohoa, halafu adhana. Mimi nikisikia kile kikohozi nilikuwa nageuka upande wa pili nalala. Usinihukumu.

Kabla sijaacha chuo nilichukua kozi moja ya falsafa, na kitu kimoja kilichonibakia ni maneno ya Aristotle katika kitabu chake kuhusu roho. Anasema si kila mlio unaotoka kwa kiumbe ni sauti. Sauti ni mlio wa kitu chenye roho, na lazima uwe umebeba maana. Kikohozi, anasema, si sauti. Nilipoisoma nilicheka peke yangu maktaba, maana kikohozi cha Ami kilikuwa na maana kuliko hotuba za wahadhiri wangu wengi.

Nataka kuuliza swali ambalo limenikaa tangu tulipompeleka Nairobi. Maradhi yakimlazimu mtu achague kati ya sauti yake na usalama wa maisha yake, nani mwenye haki ya kusema kipi bora? Na sisi tunaoisikiliza hiyo sauti, tuna fungu letu ndani yake au hatuna?

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu watu wakisikia kansa ya koo wanafikiria kifo moja kwa moja, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Kansa ya nyuzi za sauti ni katika zile zinazojitangaza mapema. Uvimbe mdogo kama punje ya mchele ukikaa juu ya uzi wa sauti, sauti inabadilika. Tena zile nyuzi hazina mishipa mingi ya limfu, kwa hiyo ugonjwa unakaa pale pale muda mrefu kabla haujasafiri kwenda kwingine. Ukigunduliwa mapema, mionzi peke yake inawaponya karibu watu tisa kati ya kumi, na wengi wao wanabaki na sauti ya kuongea vizuri tu. Hakuna kisu, hakuna tundu shingoni. Ndiyo maana madaktari wa masikio, pua na koo wanasema sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu hivi, nenda ukaangaliwe.

Sauti ya Ami ilianza kukauka mwezi wa Rajabu. Sisi tukampa asali na tangawizi. Tukampa habasoda. Jirani akaleta mafuta ya karafuu apake kifuani. Duka moja la dawa, silitaji, likamuuzia antibayotiki mara tatu bila mtu kumwambia afungue mdomo. Ramadhani ikaingia, sauti ikapasuka katikati ya adhana ya Magharibi, watu wakasema ni swaumu, koo limekauka. Sikukuu ikapita. Ami mwenyewe alikuwa na maelezo yake: miaka ya ujanani alikuwa karani wa kuhesabu magunia bandarini Kilindini, akipiga kelele kushinda winchi za meli, na sigara hazikumtoka mdomoni. "Hili koo lilishachoka zamani," alikuwa akisema. Alishaacha sigara miaka mingi, kwa hiyo alidhani deni limelipwa.

Miezi mitano. Tulipofika kwa daktari mwenye kamera ndogo ya kupitisha puani, uzi mmoja wa sauti ulikuwa hausogei tena. Umekwama. Wakachukua kinyama, majibu yakarudi baada ya wiki tatu.

Daktari alitupa njia mbili, na nakiri alituelezea vizuri. Ya kwanza ni kuondoa zoloto lote. Anapumua kwa tundu shingoni maisha yake yote, na sauti aliyozaliwa nayo imekwisha. Ya pili ni mionzi pamoja na dawa ya mshipani, siku tano kwa wiki, wiki saba, na hiyo inampa nafasi ya kubaki na koo lake. Ugonjwa ukirudi, ndipo wakate. Akaongeza kitu ambacho mimi sikukisikia siku ile, nilikikumbuka baadaye: kukata shingo iliyokwisha pigwa mionzi ni kazi ngumu zaidi, vidonda vinachelewa kufunga.

Usiku ule nilikesha nikisoma. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa 547 wenye hali kama ya Ami au karibu yake. Waliopewa mionzi na dawa kwa pamoja, asilimia 88 walikuwa bado na zoloto lao baada ya miaka miwili. Mionzi peke yake, asilimia 70. Nikaona hiyo 88, nikaamka nikazunguka chumbani. 88! Hata mtihani wa Kiswahili sikuwahi kupata. Asubuhi niliwaonyesha watu nyumbani kwenye simu yangu, nikasema mambo yamekwisha.

Sikusoma vizuri. Kubaki na zoloto hakumaanishi kubaki na sauti. Mtu anaweza kuwa na koo lake zima na sauti imebaki ya mchanga, au akawa anakula kwa mpira. Na kitu cha pili nitakieleza nikifika Nairobi.

Kuna utafiti mwingine wa zamani, wa 1981, uliochapishwa katika jarida la tiba la New England, ambao unagusa swali langu hasa. Wakati ule, kwa uvimbe uliokwisha kukua, upasuaji ulikuwa unampa mtu nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko mionzi, lakini mionzi ilimwachia sauti. Watafiti wakawachukua watu 37 wazima wa afya, wazimamoto na mameneja wa makampuni, wakawauliza: ungekubali kupunguziwa nafasi ya kuishi ili usikatwe sauti? Karibu mmoja kati ya watano alisema ndiyo, afadhali mionzi. Wengi walishangaa wakati ule, kwa sababu madaktari walikuwa wakidhani kila mtu anataka miaka kwanza, mengine yatajijua.

Mimi nauheshimu utafiti ule. Lakini angalia nani aliulizwa. Mzima aliulizwa kuhusu sauti yake mwenyewe, kama vile sauti ni saa ya mkononi, yako, uamue kuiuza au kuivaa. Hakuna aliyemuuliza mke wa mzimamoto. Hakuna aliyewauliza watoto wake. Sasa njoo Mombasa. Kwetu hakuna aliyemuuliza Ami peke yake. Tuliulizwa sisi, na tukajibu.

Kikao kilikuwa sebuleni, baada ya Isha. Shangazi wawili, binamu, mimi, na binamu mwengine yuko Muscat kwenye simu, picha inaganda kila dakika. Yeye ndiye mwenye pesa, kwa hiyo alizungumza kwanza. Alisema gharama za mionzi zote ni juu yake, nauli, malazi, chakula. "Lakini kuchinjwa koo, hapana. Mimi siwezi kulipia Baba achinjwe." Shangazi mkubwa akalia. Mtu akasema muadhini bila sauti atakuwa nani? Nikatoa 88 yangu tena.

Ami alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha kahawa. Aliuliza swali moja tu: "Na mashine ikiharibika?"

Binamu wa Muscat akasema haitaharibika. Tukacheka kidogo, kikao kikaisha.

Hapa nitatoka nje kidogo, kwa sababu kuna mgonjwa mmoja wa koo ambaye nimemsoma sana tangu siku ile na ambaye ana uhusiano na pwani hii, ingawa hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1887 mrithi wa ufalme wa Ujerumani, Friedrich, sauti ilimkauka. Madaktari wa Kijerumani walisema ni saratani na wakapanga kumpasua mwezi wa Mei. Akaitwa bingwa wa koo kutoka Uingereza, Morell Mackenzie, akachukua vinyama, Virchow mwenyewe akavipima asione saratani. Upasuaji ukasimamishwa. Novemba ugonjwa ukawa hauna shaka tena. Akapewa uchaguzi: kuondolewa zoloto, au kutobolewa njia ya hewa tu aishi muda aliobakiwa nao. Alichagua la pili. Mionzi haikuwepo, Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Alipokuwa Kaisari, Machi 1888, alikuwa tayari hawezi kusema, anaandika vikaratasi. Alitawala siku 99. Katika siku hizo hizo, mwezi wa Aprili, Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi pwani ya kusini kwetu, ile ya Tanganyika, kwa kampuni ya Wajerumani. Mvita ilikuwa imeshapewa Waingereza mwaka mmoja kabla. Wajerumani wakaja wakajenga Dar es Salaam hospitali ya Ocean Road, ambayo leo ndiyo taasisi ya saratani ya Tanzania. Shangazi mdogo alitaka Ami apelekwe huko, alisema angalau atakuwa anasikia bahari. Tukaona Nairobi ni karibu na karatasi za bima.

Ninachokiona katika kisa cha Friedrich si ubishi wa madaktari, ingawa waliandikiana matusi hadi baada ya maziko. Ni kwamba kila mtu alikuwa na haja yake na lile koo. Mkewe alikuwa binti wa Malkia Victoria, na waliomchukia Mwingereza walimchukia daktari wake. Waliberali walitaka aishi. Wengine walimsubiri mwanawe. Yeye mwenyewe alitaka nini? Tuna vikaratasi vyake tu.

Basi Nairobi. Tulipanda treni Miritini, daraja la kawaida, wakati ule nauli ilikuwa elfu moja. Ami alikaa dirishani akahesabu ndovu Tsavo, ukarani haujamtoka. Tulipanga chumba Majengo, Pumwani, kwa mama mmoja ambaye kina Ami wanasema ni jamaa yetu ingawa hakuna aliyeweza kunieleza kwa upande gani.

Mionzi yenyewe haiumi. Unalala, unavishwa kinyago cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha uso wako ili usisogee, mashine inazunguka, dakika chache, umemaliza. Yanayouma yanakuja wiki ya tatu. Shingo inakuwa nyeusi kama imeunguzwa kwa pasi. Mate yanakauka. Kumeza uji ni kama kumeza misumari. Ami, mtu wa pilau na achari, alikuwa anakaa na kikombe kimoja cha uji saa nzima, anakitazama.

Wiki ya tano mashine iliharibika.

Hospitali siitaji, na sidhani ni kosa la mtu fulani. Spea ilikuwa inatoka nje. Siku tisa. Tukawa tunaenda kila asubuhi, tunaambiwa kesho. Na hiki ndicho kile kitu cha pili. Seli za saratani zikipigwa mionzi, zinazobaki zinaanza kuzaana kwa kasi, na dawa ya hiyo ni kutozipa nafasi: kila siku, bila kuruka. Kwa kansa za kichwa na shingo, wataalamu wanakadiria kwamba kila siku moja inayoongezeka kwenye ratiba inapunguza nafasi ya kuushinda uvimbe kwa takriban asilimia moja, wengine wanasema zaidi. Mambo yanayoonekana madogo yanabeba uzito. Wajapani walijaribu kwa wagonjwa 180 wenye ugonjwa wa mapema kuongeza kidogo tu kipimo cha kila siku, kutoka 2 hadi 2.25, ili matibabu yaishe haraka; waliodhibitiwa ugonjwa pale kooni kwa miaka mitano wakapanda kutoka asilimia 77 hadi 92.

Kwa hiyo ile 88 niliyoitangaza sebuleni haikuwa ya Ami. Ilikuwa ya watu wanaolala karibu na mashine isiyokosa spea, na mimi niliichukua kwenye simu nikamvika, kama shati la mtu mwengine. Sikumdanganya kwa kukusudia. Lakini yeye, asiyejua kusoma utafiti wowote, ndiye aliyeuliza swali lililotakiwa kuulizwa, na sisi tukacheka.

Sauti ilirudi. Mwezi wa tatu baada ya mionzi Ami alianza kusikika tena, chini kuliko zamani, yenye mkwaruzo, lakini yake. Binamu wa Muscat alilia kwenye simu. Tulimsubiri aadhini. Hakuadhini. Alimkabidhi kazi kijana mmoja wa madrasa, akawa anakaa safu ya mbele anasikiliza. Kabla ya matibabu nilikuwa nimemrekodi kwa simu yangu, adhana nzima, dakika mbili na sekunde kadhaa, na wakati wote huu watu walipendekeza ipigwe kwenye kipaza sauti. Alikataa. Masheikh wengi wanasema adhana ya kurekodiwa haitoshi, kwa sababu lazima awepo mtu mwenye nia ya kuita. Nafikiri Aristotle angekubaliana nao. Lakini Ami hakutoa hoja hiyo. Alisema tu, "Huyo wa kwenye simu hajui kama mimi n'mgonjwa."

Sauti aliyobakishiwa aliitumia kwa mambo ya kawaida kabisa. Kubishana barazani. Kunituma dukani. Kuniuliza lini nitarudi chuo, na nikisema naandika mtandaoni nalipwa, ananiuliza analipa nani, na kwa nini halipi zaidi. Miezi kumi na minne.

Halafu ikakauka tena, na safari hii hatukungoja. Wakamkata. Kidonda kilivujisha wiki sita, kama yule daktari wa kwanza alivyotahadharisha. Alipona. Yuko hai, anatembea hadi Ngome na kurudi, anapumua kwa tundu alilolifunika kitambaa cheupe ambacho Shangazi anakifua kwa mkono. Kuna kifaa cha kubandika shingoni kinachotoa mtetemo ukaongea kama roboti. Alikijaribu mara moja, wajukuu wakakimbia, akakiweka kabatini.

Wiki chache baada ya upasuaji nilimuuliza. Nilikuwa naogopa jibu lakini nilimuuliza: siku ile ya kikao, wewe mwenyewe ulitaka nini? Akachukua daftari akaandika. Alikuwa anataka kukatwa. Alikuwa amechoka, aliandika, na alitaka imalizike mara moja. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaandika: "Niliwaona nyuso zenu."

Nimelifikiria hilo jibu kuliko kitabu chochote. Ningependa kusema kosa letu ni kwamba tuliamua wengi badala ya kumwachia mmoja, lakini siamini. Ami angechukia kuachiwa peke yake. Mtu aliyeita watu mara tano kwa siku kwa miaka kumi na tisa hawezi kugeuka ghafla akasema sauti hii ni mali yangu binafsi, msiniingilie. Sehemu ya sauti yake ilikuwa kweli yetu. Nilikuwa nailalia kila alfajiri, lakini ilikuwa yangu. Tulichokosea ni kujifanya tunazungumza kwa niaba yake, wakati kila mmoja alikuwa anaitetea sehemu yake. Binamu alikuwa anamtetea baba wa kwenye simu. Mimi nilikuwa natetea utoto wangu. Kama ningesema pale sebuleni, "Ami, mimi naogopa kutoisikia sauti yako, hilo ndilo langu, sasa sema lako," pengine angesema. Na pengine bado angechagua mionzi, kwa ajili yetu, akijua anatoa nini. Hiyo ingekuwa zawadi. Jinsi tulivyofanya, tulimchukulia.

Lakini pia kuna ile miezi kumi na minne. Nikimuuliza kama anaijutia, anatikisa mkono, kama anafukuza nzi. Sijui kama ni hapana au ni niache.

Siku hizi anaandika sana. Mwanzoni alikuwa ananiandikia kwa herufi za kizungu, za karani, zimesimama wima kama magunia yamepangwa. Sasa akiandika yake mwenyewe, au akiwa na hasira, anarudi kwenye herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni akiwa mtoto, Kiswahili kitupu lakini kwa hati ambayo kizazi changu tuliisoma kwa ajili ya Kurani tu. Irabu haweki. Mimi nakaa naye baada ya Alasiri, naweka kidole chini ya neno, nasoma kwa sauti, nakosea. Jana nilisoma "kata" mahali palipoandikwa "kiti". Akapiga meza mara mbili kwa kiganja, akanirudisha mwanzo wa mstari.